Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979): Mchungaji Asiyeliacha Kundi Lake

Usharika unapotimiza miaka mia moja huwakumbuka kwanza wazee wake: wainjilisti wa mwanzo, walimu wa ubatizo, na akina mama waliobeba mawe na maji ya kujengea nyumba ya ibada. Ni haki wakumbukwe. Lakini usharika wa Kilutheri hauishi peke yake. Ni kiungo katika mwili ulioenea katika nchi nyingi, na mashahidi wa imani waliotoka katika kiungo kimoja ni urithi wa viungo vyote. Kwa sababu hiyo inafaa katika jubilii hii yasimuliwe pia maisha ya mtumishi mmoja wa nchi jirani, ambaye jina lake hutajwa kwa heshima katika makanisa ya Kilutheri ulimwenguni, na ambaye habari zake zina uhusiano na Tanzania kuliko wengi wanavyofahamu.

Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, aliuawa jijini Addis Ababa usiku wa tarehe 28 Julai 1979, akiwa na umri wa miaka 50. Wengi wamemwita Bonhoeffer wa Afrika, wakimlinganisha na Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani, aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945. Sifa hiyo ni kubwa, lakini hutokana na kifo chake, na kifo hakielezi maisha yote. Jambo la kujifunza zaidi kwa Gudina ni kwamba tangu ujana wake hadi siku ile ya mwisho alikuwa mtu mmoja. Aliyehubiri mimbarini ndiye huyo huyo aliyekaa ofisini, na ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya wenye silaha.

Kuzaliwa na malezi

Gudina alizaliwa mwaka 1929 huko Boji, katika jimbo la Wollega, magharibi mwa Ethiopia, katika kabila la Waoromo. Tumsa ni jina la baba yake. Kwa desturi ya Ethiopia mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe, wala si kwa jina la ukoo, ndiyo maana katika masimulizi haya anaitwa Gudina.

Injili ilikuwa imepandwa Wollega kabla ya kuzaliwa kwake, na waliopanda walikuwa wenyeji. Onesimos Nesib, Mworomo aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kupata elimu kwa wamisionari wa Uswidi, aliitafsiri Biblia nzima katika lugha ya Kioromo. Katika kazi ya lugha alisaidiwa na mwanamke Mworomo, Aster Ganno. Biblia hiyo ilichapishwa mwaka 1899, na mwaka 1904 Onesimos akarudi Wollega na kuanza kufundisha katika mji wa Nekemte. Baadaye, Waitalia walipoitawala Ethiopia kwa nguvu kati ya mwaka 1936 na 1941, wamisionari wengi walilazimika kuondoka, na Wakristo wa magharibi wakalibeba Kanisa wenyewe. Gudina alikulia katika Kanisa la namna hiyo, ambalo halikungoja kulishwa na wengine.

Alisoma katika shule ya misheni ya Waswidi huko Najo, na huko ndiko alikompokea Kristo. Akiwa kijana alikwenda Nekemte kufanya kazi katika hospitali, ambako aliwasaidia madaktari katika chumba cha upasuaji. Hospitali ilimfunza jambo ambalo baadaye alilieleza kwa lugha ya kitheolojia. Mgonjwa aliyelazwa mbele yake hakuwa mwili bila roho, wala hakuwa roho iliyoazima mwili. Alikuwa mtu mzima, mwenye jeraha, mwenye hofu, mwenye familia iliyomngoja nje, na mwenye swali juu ya Mungu.

Wito na elimu

Kazi ya hospitali ilikuwa na heshima na mshahara wa uhakika. Hata hivyo Gudina aliiacha akaingia katika mafunzo ya uchungaji, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958 na kutumika Nekemte. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwoa Tsehay Tolessa, mwanamke wa imani thabiti, ambaye habari zake haziwezi kutengwa na za mumewe.

Mwaka uliofuata, mwezi Januari 1959, sharika zilizotokana na kazi ya misheni za Uswidi, Norwe, Ujerumani na nyinginezo ziliungana na kuwa Kanisa moja linalojitegemea, likaitwa Mekane Yesus, yaani mahali pa Yesu. Washarika wake walikuwa wapatao 20,000. Mwaka 1963 Kanisa hilo likajiunga na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na mwaka huo huo Gudina akapelekwa Marekani kusoma katika chuo cha theolojia cha Luther, mjini St. Paul, jimbo la Minnesota. Alikaa huko hadi mwaka 1966.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo Wamarekani weusi walidai haki zao, na makanisa ya nchi ile yalilazimika kujiuliza kama mahubiri yao ya Jumapili yalipatana na mambo waliyoyavumilia Jumatatu. Gudina alisoma pia maandiko ya wanatheolojia wa karne ile, akiwamo Bonhoeffer, ambaye mafundisho yake juu ya gharama ya kumfuata Kristo yalimgusa sana. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Mekane Yesus, na wadhifa huo aliushika mpaka kufa kwake.

Katibu Mkuu

Rais wa Kanisa wakati huo alikuwa Emmanuel Abraham, mlei aliyekuwa waziri katika serikali ya Mfalme Haile Selassie. Mzee huyo wa serikali na mchungaji huyu kijana walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Kanisa lilikua kwa kasi. Vijiji vilituma wajumbe kuomba wahubiri, na wahubiri hawakutosha. Pamoja na mahubiri, Kanisa liliendesha kampeni kubwa ya kusoma na kuandika, lilijenga shule na zahanati, na kuwafikia watu wa kusini na magharibi, ambao wengi wao walilima ardhi ya mabwana na kuwatolea sehemu ya mavuno.

Gudina aliyajua maisha ya wakulima hao. Hakuwa mtu wa ofisini anayesoma umaskini katika taarifa. Alisafiri, alihubiri, alisikiliza. Kutokana na hayo alifikia hukumu moja ambayo hakuiacha tena: kwamba Kanisa lisiloona dhuluma iliyo mlangoni pake halijaielewa Injili inayoihubiri, na kwamba Kanisa linaloondoa dhuluma pasipo kumhubiri Kristo linampa mtu nusu tu ya kile anachohitaji.

Barua ya mwaka 1972

Hukumu hiyo ililetwa mbele ya ulimwengu mwezi Mei 1972, Mekane Yesus ilipoiandikia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, huko Geneva, barua juu ya uhusiano kati ya kutangaza Injili na maendeleo ya mwanadamu. Barua hiyo ilitiwa saini na Rais na Katibu Mkuu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Makanisa na mashirika ya nchi tajiri yalikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa miradi ya shule, visima, kilimo na hospitali. Lakini fedha za kumfundisha mwinjilisti, kumpeleka mchungaji kijijini au kujenga mahali pa kusanyiko zilipungua mwaka hata mwaka. Wafadhili ndio walioamua kipi kinafaa kusaidiwa, na kipimo chao kilikuwa kile kinachohesabika. Kanisa la Ethiopia lilijikuta likisaidiwa katika jambo moja na kuachwa peke yake katika jambo lingine, ingawa watu wake waliyaomba yote mawili kwa pumzi moja.

Ilihitaji ujasiri kuiandika barua ile. Anayepokea msaada kwa kawaida hukaa kimya mbele ya anayetoa. Ni rahisi kuandika ombi la mradi kwa maneno ambayo mfadhili anapenda kuyasoma, na kuyasema mengine nyumbani. Gudina hakufanya hivyo. Alikubali kwamba Kanisa linaweza kupoteza fedha kwa kusema kweli, naye akaisema kwa unyenyekevu na kwa hoja za kitheolojia: kwamba mwanadamu hawezi kugawanywa, kwamba maendeleo ya utu wa ndani ndiyo msingi wa maendeleo mengine, na kwamba nchi zilizoitwa zilizoendelea nazo zinahitaji kupimwa kwa kipimo hicho.

Barua ilisomwa na kujadiliwa katika nchi nyingi. Mwezi Oktoba 1974 Fungamano liliitisha mkutano wa mashauriano jijini Nairobi juu ya jambo hilo hilo. Hivyo katika ardhi ya Afrika Mashariki, Makanisa ya kaskazini na ya kusini yalikaa meza moja kulizungumzia swali lililoulizwa na Kanisa changa la Ethiopia.

Mapinduzi

Mkutano wa Nairobi ulipofanyika, Ethiopia ilikuwa imekwisha kubadilika. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie katika kiti chake. Kamati yao, iliyojulikana kwa jina la Derg, ikashika madaraka. Mwezi Novemba waliwaua kwa risasi maofisa wapatao 60 wa serikali ya zamani, bila mahakama. Mwezi Desemba wakatangaza njia ya ujamaa, na mwezi Machi 1975 ardhi yote ya vijijini ikawa mali ya umma.

Ingekuwa rahisi kwa mchungaji kuchagua upande mmoja na kuukataa mwingine wote. Gudina hakuulilia utawala wa kifalme, maana alikuwa ameyaona mateso ya wakulima, na kuondolewa kwa mabwana wa ardhi kulikuwa jambo ambalo Wakristo wengi wa kusini na magharibi walilishukuru. Mwezi Februari 1975 Mekane Yesus ilitoa tamko lake. Kanisa lilieleza utayari wake wa kushiriki katika kujenga jamii yenye haki, yenye kuheshimu utu na sheria. Lakini lilieleza pia kwamba hakuna itikadi ya kibinadamu inayoweza kudai utii usio na mpaka, kwa kuwa utii wa namna hiyo ni wa Mungu peke yake.

Mwaka huo huo Gudina alimwandikia Rais wa Kanisa waraka mrefu, akishauri kwamba Kanisa lijiandae kujitegemea, maana siku ingeweza kufika ambapo misaada ya nje ingekatika na wamisionari wangeondoka. Alitaka huduma isisimame kwa ajili ya mishahara. Waliodhani ushauri huo ni mkali waliuelewa baadaye.

Mambo yalizidi kuwa mazito. Tarehe 12 Machi 1977 serikali iliitwaa Sauti ya Injili, kituo cha redio cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri kilichokuwa Addis Ababa. Wazee wa sharika za Tanzania na Kenya wanalikumbuka jina hilo, kwa kuwa vipindi vya Kiswahili vilivyotayarishwa mjini Moshi vilirushwa hewani kutoka huko tangu miaka ya 1960. Siku ile sauti ikakatika, na mitambo yake ikatumika kueneza siasa za mapinduzi. Miezi mitatu baadaye, mwezi Juni 1977, Fungamano lilifanya Mkutano Mkuu wake jijini Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Tanzania kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Huko Ethiopia, kati ya mwaka 1977 na 1978, maelfu ya watu, wengi wao vijana wa shule, waliuawa katika kipindi kilichoitwa Hofu Nyekundu. Makanisa ya Mekane Yesus yalifungwa katika sehemu nyingi, hasa Wollega, na wachungaji wakatiwa vifungoni.

Katika hali hiyo Gudina aliona kwamba makanisa hayawezi kusimama moja moja. Alishiriki katika kuanzisha baraza la ushirikiano wa makanisa ya mapokeo mbalimbali nchini Ethiopia, akawa mwenyekiti wake. Viongozi waliokuwa wamezoea kutiliana mashaka wakaanza kushauriana na kuombeana.

Kukamatwa

Utawala ule ulihitaji kitu ambacho viongozi wa dini peke yao wangeweza kukitoa, nacho ni ushuhuda mbele ya mataifa kwamba Ethiopia ina uhuru wa kuabudu na kwamba habari za mateso ni uzushi. Kwa kuwa Gudina alijulikana na kuaminika nje ya nchi, neno lake lingekuwa na uzito. Hakulitoa. Hakuwa na silaha wala jeshi. Alichokuwa nacho ni neno lake tu, na hilo hakuwa tayari kulikopesha kwa uongo. Alifahamu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba siku ambayo Kanisa litajulikana kuwa lilisema uongo ili kujiokoa, hakuna atakayeliamini linaposema kwamba Kristo amefufuka.

Alitiliwa mashaka pia kwa sababu ya nasaba. Ndugu yake, Baro Tumsa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha ukombozi wa Waoromo. Gudina aliwapenda watu wa kabila lake na hakuionea haya lugha ya mama yake, lakini aliongoza Kanisa la makabila mengi, na wito wake ulikuwa kuwachunga wote.

Alikamatwa mwezi Oktoba 1978, akaachiliwa. Akakamatwa tena mwezi Juni 1979, akaachiliwa. Kila aliyekuwa na macho aliona kwamba mara ya tatu ingekuja.

Mlango uliofunguliwa

Hapo ndipo historia ya Gudina inapokutana na ya Tanzania. Marafiki zake, ndani na nje ya nchi, walimtafutia njia ya kutoka Ethiopia kabla hajakamatwa tena. Mpango huo ulihusisha msaada wa Rais Julius Nyerere, na mahali pa kukimbilia palikuwa Tanzania. Si jambo dogo kwamba Rais aliyeiongoza nchi yake kwa siasa ya ujamaa alikuwa tayari kumpokea mchungaji aliyewindwa na utawala uliojiita wa kijamaa.

Gudina alishukuru, akakataa. Sababu yake ilikuwa ya kichungaji. Kanisa lake lilikuwa hapo, watu wake walikuwa katika taabu, na wachungaji wenzake walikuwa gerezani bila rais yeyote wa kuwatafutia ndege. Aliirejea Barua ya Pili kwa Wakorintho, sura ya 5, mstari wa 15, mahali Mtume Paulo anapofundisha kwamba Kristo aliwafia wote ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao. Mtu aliyewafundisha wengine maneno hayo kwa miaka ishirini hakuona jinsi ya kuyageuza siku yalipomhusu yeye mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, mtu wa mshahara hutambulikana mbwa mwitu anapokuja. Kabla ya hapo yeye na mchungaji hufanana.

Ni lazima jambo hili lielezwe kwa uangalifu. Wakristo wengi waliikimbia Ethiopia miaka ile, na hakuna anayepaswa kuwahukumu. Bwana mwenyewe alipokuwa mtoto alikimbiziwa Misri. Gudina naye hakuwa mtu wa kutafuta kifo. Katika andiko lake la mwisho, la mwezi Julai 1979, juu ya nafasi ya Mkristo katika jamii, alionya kwamba Mkristo mwenye kuwajibika hachochei hatari ili apate sifa ya kufia imani, na kwamba kuwa Mkristo si kujitafutia jina la ushujaa katika historia. Mkristo huenda kwenye mateso pale tu anapojua kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu kwake. Aliyaandika hayo majuma machache kabla ya kuuawa. Kwa hiyo kubaki kwake hakukuwa ukaidi wala kiburi. Kulikuwa utii uliopimwa kwa maombi.

Usiku wa tarehe 28 Julai 1979

Jumamosi ya tarehe 28 Julai 1979 Gudina alihudumu neno la Mungu katika kanisa la Mekane Yesus la mtaa wa Urael, jijini Addis Ababa. Ibada ilipomalizika, yeye na mkewe waliondoka kuelekea nyumbani. Njiani walizuiwa na watu wenye silaha. Gudina alichukuliwa. Mama Tsehay alichukuliwa pia, kisha akaachwa nje ya mji, usiku, peke yake.

Hakumwona mumewe tena. Serikali ilikana kujua lolote. Kwa miaka mingi familia na Kanisa walitafuta, waliuliza, waliandika barua, wakajibiwa kwa ukimya. Baadaye ilijulikana kwamba Gudina aliuawa usiku ule ule.

Mama Tsehay

Kikombe hicho hakikuishia kwa mume. Mapema mwaka 1980 Mama Tsehay alikamatwa naye. Aliteswa vibaya, akakaa kifungoni karibu miaka kumi bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Watoto wake walikua mbali naye. Gerezani alikutana na wanawake wengi, Wakristo na wasio Wakristo, akawafariji wakati yeye mwenyewe hakuwa na wa kumfariji. Alipotoka aliyasimulia yaliyompata ili yaandikwe, naye aliishi hadi mwaka 2014. Ikiwa Gudina alithibitisha imani yake kwa usiku mmoja, Mama Tsehay aliithibitisha kwa siku zaidi ya elfu tatu, kila siku bila kujua kama kesho atatoka.

Mavuno

Mwaka 1981 serikali iliitwaa ofisi kuu ya Mekane Yesus jijini Addis Ababa. Kwa macho ya kibinadamu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini washarika walikutana majumbani, usiku na alfajiri, wakisoma Biblia kwa sauti ndogo. Walei, wanawake na vijana wakaongoza ibada mahali ambapo wachungaji walikuwa wamefungwa. Ushauri wa mwaka 1975, kwamba Kanisa lijifunze kusimama bila mshahara na bila majengo, ulitimia kwa namna ambayo hakuna aliyeitamani.

Mwezi Mei 1991 Mengistu Haile Mariam aliikimbia nchi na utawala wake ukaanguka. Mwaka 1992 mabaki ya Mchungaji Gudina yalipatikana na kutambuliwa, naye akazikwa kwa heshima za Kanisa lake, miaka 13 baada ya kifo chake. Kanisa lililoanza na washarika wapatao 20,000 leo lina zaidi ya milioni kumi, nalo ni mojawapo ya makanisa makubwa kuliko yote ya Kilutheri duniani.

Mafundisho kwa Usharika

Msomaji anaweza kusema kwamba nyakati zile zilikuwa nyakati za pekee, na kwamba msharika wa kawaida hatawekwa njia panda kati ya ndege ya kwenda ugenini na kaburi lisilojulikana. Ni kweli. Hata hivyo Gudina hakuanza kuwa mwaminifu siku alipoikataa safari ya Tanzania. Alikuwa amezoea. Alipoacha mshahara wa hospitali alijifunza kupoteza kidogo. Alipowaandikia wafadhili mwaka 1972 alijifunza kusema kweli mbele ya mtu anayeshika mfuko. Alipoitambua haki iliyomo katika mapinduzi, na kuukataa uongo wake, alijifunza kutokuwa mtumwa wa upande wowote. Siku kubwa ilipofika, ilimkuta akiwa ametembea katika njia hiyo miaka mingi.

Uadilifu wa namna hiyo hufundishwa katika mambo ya kila juma. Hufundishwa mhazini anapoandika sadaka kama ilivyohesabiwa, hata pengo linapoonekana. Hufundishwa mzee wa kanisa anapotoa ushahidi wa mpaka wa shamba dhidi ya ndugu yake mwenyewe, kwa sababu ndugu yake ndiye aliyehamisha alama. Hufundishwa mtumishi anapowasilisha kwa wafadhili taarifa ya mradi uliofanikiwa nusu, akasema ni nusu. Hufundishwa mchungaji anapomzika tajiri na maskini kwa liturjia ile ile na kwa muda ule ule. Haya hayaandikwi katika magazeti, lakini Mungu huyatumia kuwaandaa watu wake kwa siku wasiyoijua.

Miaka mia moja ya Usharika imejaa watumishi wa aina hiyo, na wengi wao majina yao hayamo hata katika kitabu hiki. Miaka mia inayofuata itawahitaji tena. Washarika na wageni wa Dayosisi watakapokusanyika kumshukuru Mungu katika jubilii hii, ni vema Mchungaji Gudina Tumsa na Mama Tsehay Tolessa watajwe katika maombi, pamoja na Kanisa la Mekane Yesus, ambalo katika miaka ya karibuni limeona tena vita na machafuko katika eneo lile lile la Wollega. Kanisa hilo lilimzaa mtumishi aliyekataa kulikimbia, na sasa linahitaji ndugu watakaolikumbuka kwa maombi na kwa sadaka.